Kiraka Chini ya Mzinga

Tajiri alikuwa na boti ya kutembezea wageni, ina viti vya ngozi na friji ya vinywaji. Vita vilipoanza, jeshi la wanamaji likaichukua iwe ya doria, na dereva wake, mwanangu, wakamchukua humo humo. Nikamshukuru Mungu. Wenzake walishapakiwa kwenye malori kwenda mstari wa mbele.

Mimi fundi wa boti hiyo wa siku zote nikaitwa kuigeuza. Viti nikang'oa, friji nikatoa, nikaipaka rangi ya kijivu. Mambo yalikwenda sawa mpaka luteni aliponyoosha kidole pale mbele. "Mzinga utakaa hapa, mzee."

Chini ya hapo pana kiraka changu. Mwaka juzi mwanangu aligonga mwamba, ubao ukapasuka, nami nikauziba kimyakimya tajiri asijue. Funika kombe mwanaharamu apite. Kwa kutembeza wageni kilitosha. Kwa mshindo wa mzinga hakitoshi, na kubadilisha ubao ni wiki tatu, ilhali boti inatoka keshokutwa.

Nikisema, boti itakataliwa na mwanangu atapanda lori. Nisiposema, atazama yeye na wenzake. Mwenyewe anajua, na kanyamaza. Lori analiogopa kuliko maji. Siku mbili sikula. Mke wangu akaniuliza, "Umemeza msumari, baba?" Nikamgombeza bure, eti chai haina sukari.

Asubuhi ya safari uzalendo ukanishinda. "Afande, pale mbele pana kiraka. Nilikificha mimi."

Luteni akashuka, akamulika tochi, akagongagonga. "Kitafunguka?"

"Sijui. Kikifunguka, mtu akiwa hapo hapo na pamba na lami, anaweza kuziba."

"Mtu gani?"

Nikaokota nyundo yangu.

"Boti nyingine sina, mzee," akasema. "Panda."

Basi niko humu, na miaka yangu sitini na moja, nimelala kifudifudi chini ya mzinga, nyundo mkononi. Naogopa, jamani, naogopa sana. Mwanangu yuko juu kwenye usukani, na tangu tutoke bandarini hajanisemesha. Sasa king'ora kinalia, na miguu ya watu inakimbia juu ya kichwa changu.

"Baba," anaita, "wanapiga mzinga sasa."

Nabandika kiganja kwenye kiraka. "Waache wapige," namjibu.