Thuluthi ya Udongo

Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, Bi Mwanamize alitoka na ufagio wa chelewa kufagia uwanja wake kilimani, kijijini Ole, akakuta udongo umeshafika mlangoni. Ulikuwa udongo wa shamba la bondeni, la kaka yake Nassor. Aliujua kwa weusi wake na kwa harufu, maana aliulima tangu usichana. Uwanja wake mwenyewe ni mtanga mweupe mtupu. Muhogo hutoka mwembamba kama kidole. Akauegemeza ufagio, akaenda kuchemsha chai.

Siku tatu mfululizo udongo ulipanda kilima. Ulitambaa taratibu, na nyungunyungu na majongoo yake ndani, na majirani waliupisha njia. Wapo waliotaka kusema neno, lakini ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nao wakachukua majembe wakaenda kulima.

Siku ya nne akaja bwana shamba, Haidar, mtu wa Wambaa mwenye adabu na buti zilizompwaya. Alichimba shimo uwanjani, akateka udongo kiganjani, akautia maji, akauviringisha mpaka ukawa mrefu kama tambi. Akaukunja. Ukawa pete, isikatike.

"Mtanga wako ungekatika zamani," alisema. "Huu una kinamo, na unashika maji bila kukosa hewa. Tena tazama, Bi Mwanamize: mweusi juu, hudhurungi katikati, mwekundu chini. Umejipanga vilevile ulivyokuwa bondeni."

"Kwani ulitaka ujipangeje?"

Haidar akamweleza kwamba udongo ni mawe yaliyooza. Jua, mvua, mizizi na wadudu huyala kidogo kidogo, na unene wa kidole gumba tu huchukua mamia ya miaka. Kuondoka, masika moja yatosha. Ila udongo huteremka na maji, haupandi. Fomu yake ilikuwa na nafasi ya mteremko. Akaandika "kinyume", akaendelea. Kisha akashuka kupima shamba la Nassor. Aliporudi alisema kilichohama ni thuluthi moja kamili, hakijazidi hata konzi.

"Thuluthi," alisema Bi Mwanamize, akakaa chini.

Hakuwa amelitamka neno hilo kwa miaka thelathini na moja. Baba yao alipofariki, fungu lake, mtoto wa kike, lilikuwa thuluthi, na thuluthi mbili za kaka. Hilo hakuna aliyelibishia. Lakini wanawake wa kwao wana desturi ya kumsamehe kaka, ili siku wakiachwa wapate pa kurudi. Matanga yalipokwisha watu walikaa shambani, juu ya udongo huohuo, wakamwuliza mara tatu: umeridhika? Akajibu nimeridhika, huku amekamata udongo mkononi, anaufinya mpaka kucha zinamuuma. Watu walikuwa wakitazama mdomo wake. Majuto ni mjukuu, wasema, na yeye wajukuu anao watatu: binti yake Suhaila ameachwa, amerudi nao, na hana hata tuta moja la kulima.

Nassor akaja na gari la ng'ombe kuchukua udongo wake. Hakuwa mkali. Alikuwa mzee, magoti yanamsumbua, na kila alichoteremsha jioni alikikuta kilimani asubuhi. Wiki ya pili akasimama uwanjani, jasho linamchuruzika.

"Mwanamize, hebu sema tena mbele ya udongo huu. Pengine haukusikia."

"Nimeridhika."

Udongo haukujongea.

"Sema kwa moyo, mdogo wangu."

"Moyo, kaka, siku ile hukuuliza."

Nassor akageuka kuwatazama ng'ombe. Alimpenda dada yake, wallahi, na hilo ndilo lililokuwa zito kwa wote wawili.

Ikabidi aitwe mkubwa wa ukoo, baba yao mdogo, Mzee Rajab. Alikaribishwa kiti, akautazama udongo, akasema kutembea utembee, lakini aliyesamehe ameshasamehe. Kisha akamgeukia Suhaila, aliyekuwa amesimama na mbegu za muhogo kikapuni.

"Na wewe, mwanangu, una neno na mjomba wako?"

Suhaila alimtazama mjomba wake akijifuta jasho kwa kofia. Akawatazama wanawe. Bi Mwanamize alitaka kupiga kelele. Alitaka kumziba mdomo binti yake kwa mikono miwili. Lakini mwanamke wa kwao hamkatizi mzee maneno, naye hakumkatiza.

"Nimeridhika," alisema Suhaila.

Mzee Rajab akaomba dua, watu wakanywa kahawa, wakatawanyika.

Alfajiri iliyofuata udongo ulipanda kama kawaida. Haukusimama mlangoni kwa Bi Mwanamize. Uliuzunguka ukuta, ukatulia chini ya dirisha la Suhaila. Saa moja asubuhi Nassor akaleta gari, na Suhaila, kwa kuwa mjomba wake ana magoti mabovu, akachukua koleo akamsaidia kupakia.