Uvimbe Uliojifanya Umekufa

Usiku wa jana niliota kile kipande cha uvimbe walichokikata kwenye utumbo wangu kinaniita kwa jina la utotoni. "Siku! We Siku! Njoo utuone tulivyo wengi."

Nikaenda. Maabara ilikuwa nyuma ya jiko langu, kati ya banda la kuku na choo, na wala sikuona ajabu. Jua la saa sita. Mezani visahani vitano vya kioo vimejaa maji ya rangi ya waridi kama juisi ya rozela, na katika kila kisahani kimekaa kipande cha uvimbe wangu, kimeegemea ukingo, kinajimwagia maji kifuani.

Kando amesimama Daktari Ndelwa anayenitibu, ameshika fomu yenye nafasi moja tu ya kuandika. Hilo si la ndoto. Wiki iliyopita aliniambia nikiwa macho kabisa: "Bibi Sikudhani, figo zako zitabeba dawa moja kali, si mbili. Kwa hiyo tunajaribu kwanza dawa tano kwenye vipande vya uvimbe wako, huko nje ya mwili. Itakayouua ndiyo utakayotundikiwa."

"Tuanze," anasema Daktari. Ila sasa amevaa kaptula ya Mwalimu Chiduo wa darasa la nne, na tuko shuleni, kwenye uwanja wa gwaride. Chupa tano za dawa zimepanga foleni. Namba tatu imevaa tai, nayo inajipenyeza mbele.

"Mimi ndiye huanza," inasema. "Kila mgonjwa wa utumbo huanza na mimi. Ndio utaratibu."

"Huyo kila mgonjwa anaishi wapi?" naiuliza. "Ukimwona, mwambie namsalimu. Mimi ni Sikudhani."

"Bibi, heshima," Daktari ananong'ona.

"Heshima ipi? Hapa mkubwa ni nani?"

Chupa inakohoa. "Shikamoo."

"Marahaba. Rudi kwenye foleni."

Kila chupa ikadondosha tone kwenye kisahani chake. Kipande cha kwanza kilimeza, kikacheua. Cha pili kiliomba chumvi. Cha tatu kikapiga yowe, kikajinyoosha, kikatoa ulimi, kikafa. Chupa yenye tai ikajipigia makofi. Cha nne kilijipaka ile dawa kama mafuta ya nazi. Cha tano kililamba kidogo tu, kikasema, "Tamu sana. Lakini nimeshiba. Ondoeni."

Daktari akaiweka kalamu kwenye fomu aandike: tatu.

Mimi namtazama marehemu. Kope zinacheza.

Kifo hicho nakijua. Mwaka mmoja nilikufa hivyohivyo kila Alhamisi, siku ya kulima shamba la Mwalimu Chiduo. Ulimi nje, macho nimeyafumba, wenzangu wakibeba majembe mimi nabebwa kivulini. Na uvimbe huu ni nyama yangu. Ungejifunza kwa nani?

"Daktari, usiandike."

"Kimekufa, Bibi."

"Kimekwepa jembe."

Nikatia kidole kwenye maji ya waridi, nikakitekenya kwapani. Kilikuwa na kwapa, sijui la kazi gani. Kikajibana, kikajibana, kikaangua kicheko. Kicheko changu, kile kinachotokea puani.

"Mama, acha! Mama!"

"Sikukuzaa. Ulihamia."

Kisha nikamgeukia yule wa tano. Amenywea, amekuwa mdogo kama choroko.

"Na wewe uliyeshiba? Lamba tena."

"Naona haya mbele za watu," kinasema, sauti imekwisha. "Siku, tumekula sahani moja miaka miwili..."

"Ulikula wewe. Mimi nilikonda."

Tone la pili likaanguka. Kikayeyuka kama samli motoni, pakabaki maji matupu. Chupa namba tano, fupi, haina hata kizibo cha maana, ikatazama chini. "Mimi sijawahi kuitwa wa kwanza," inasema.

"Leo umeitwa."

Nikaamka, kuku wananidai pumba. Binti yangu Zamda ameingia na simu mkononi, anahema.

"Mama, Daktari Ndelwa amepiga. Nusura waandike ile dawa ya kawaida, vipande vyake vilionekana vimekufa. Leo asubuhi wametazama tena, vizima, vinakua! Iliyoua kweli ni ya tano. Anasema yeye mwenyewe hakuitegemea. Anauliza kama uko tayari kuanza Jumatatu."

"Mwambie mimi nilikuwa tayari tangu jana. Yeye ndiye alikuwa na haraka ya kalamu."

Hakunisikia. Alikuwa ameushika mkono wangu, anaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umeshika rangi ya waridi mpaka kwenye nyama.

"Mama, rozela umeitoa wapi? Hatujanunua tangu mfungo."

Nikaurudisha mkono ndani ya khanga.

"Nilikuwa namtekenya mgeni," nikamwambia. "Niletee mkoba wangu wa hospitali. Anaondoka."