Lipu ya Moyo

Vumbi la saruji kwenye mwale wa jua: hivyo ndivyo binti alivyomjua baba yake. Lilimtangulia mlangoni, likatua kwenye uji, likalala na familia kitanda kimoja. Vumbi la kijivu, vumbi la kiburi, vumbi la fundi aliyepiga lipu nyumba za watu zikang'aa, huku yake ikinuna.

Maabara haina vumbi. Ndiyo sababu binti aliichagua.

Siku alipoaga kwenda chuo, baba alimtupia begi nje, akasema mtoto wake ni mmoja tu, mwiko wake wa lipu. Mama alipofariki, hakumpelekea habari. Binti alizipata kwa mama mdogo siku ya tisa, udongo wa kaburi umeshakauka.

Kisha moyo wa fundi ukamgomea, juu ya jukwaa, mwiko mkononi. Mshipa uliziba, kipande cha moyo kikafa, kikabaki kovu gumu lisilopiga. Madaktari wakachukua ngozi yake kidogo ili maabara iigeuze kuwa seli za moyo, zipandwe kwenye lile kovu.

Chupa ilifika mezani kwa binti ikiwa na namba tu. Mama mdogo akapiga simu, akamsomea namba ileile kutoka cheti cha hospitali: "Mwanangu, hiyo ni ya baba yako."

Utaratibu ulimtaka aseme ni baba yake, ampishe mwingine. Hakusema. Alitaka kumshika mahali pasipo na mlango wa kumfungia.

Seli zilipokomaa, alizitazama kwa darubini. Zilikuwa zinapiga. Hazina kifua, hazina mdomo wa kutukana, zinapiga tu, zinapiga tu. Akazichukia moja moja.

Kila siku ya pili seli hubadilishiwa maji ya chakula. Zikikosa, hufa kimya, na hakuna anayeulizwa. Seli hufa kila siku. Asubuhi moja aliketi, mikono mapajani, akazinyima. Saa nne. Saa tano. Saa sita. Kauka, baba. Kauka kama udongo wa mama.

Mikono ikainuka yenyewe. Ilikuwa mikono ya mtoto wa miaka saba, kopo la maji mbele ya ukuta wa lipu mbichi, na sauti ya baba kisogoni: mwagilia, usije ukapasuka. Asubuhi mwagilia, jioni mwagilia. Jambo pekee alilowahi kumfundisha, na likawa hilo, lahaula. Binti akailaani mikono yake. Akamwagilia.

Siku ya tisini sindano ya seli ikaingia moyoni mwa baba. Wiki tatu baadaye binti akaingia wodini. Mama mdogo alikuwa ameshamwaga mtama. Mzee alijua yote. Alimtazama mikono, si uso.

"Umezimwagilia siku ngapi?"

"Tisini."

"Ukuta ni siku saba. Unapoteza maji."

"Ukuta haukunificha msiba wa mama yangu."

Mzee akageukia dirisha. Hakuomba radhi, hana mazoea hayo, na binti hakuja kuichukua.

Jua liliingia kwa mwale mmoja, na ndani yake vumbi, lisilo la saruji, vumbi jepesi la mashuka, likatua juu ya kifua kile. Kifua kikapanda nalo, kikashuka nalo, kikapanda tena. Binti hakulipangusa.

Piga, alisema moyoni. Piga, nikuchukie ukiwa mzima.