Zamu ya Hilda

Nyuma ya soko la Mkuu, Rombo, kulikuwa na vilabu vinne vya mbege, pombe ya ndizi, na wanawake wanne waliogawana siku. Wa leo akiuza, wengine wanakaa. Hawakufanya hivyo kwa kupendana. Mbege haina subira. Ndizi zilizochemshwa huweza kukaa pipani siku kadhaa zikichacha, lakini ukishatia mso, ule uji wa ulezi uliooteshwa, basi inyweke kesho yake au wapewe nguruwe.

Ijumaa asubuhi Magdalena, mmoja wao, alikuwa ameshatia mso kwenye mapipa yote aliyoagizwa kwa harusi ya kesho yake, ndipo Ildefonce, baba wa bwana harusi, akaingia uani kofia mkononi.

"Mama Lucky, mzee wetu ametutoka. Harusi imeahirishwa."

Magdalena akampa pole, tena ya moyoni, maana mzee alikuwa mtu mwema. Kisha akauliza taratibu, "Na msibani je? Watu si watakunywa?"

"Mzee aliokoka, mama. Aliacha neno: atakayeleta pombe kwenye matanga yangu asinizike."

Akabaki na mapipa yake. Tangu mumewe afariki, kilabu ndicho kilichomlisha na kumsomesha Lucky, na mtaji wote ulikuwa umelala ndani ya ndizi zile. Kesho ikipita hivihivi, hatakuwa na cha kupikia tena. Na kesho, Jumamosi ya soko, ilikuwa zamu ya Hilda.

Kati ya watu wote, Hilda. Mwanamke ambaye tangu ujana wao hupita kwake, akaonja, akatema.

Alimkuta uani kwake akikoroga mso wake mwenyewe kwenye sufuria kubwa.

"Nimesikia," Hilda alisema bila kugeuka. "Soko zima limesikia. Umekuja kuomba?"

"Nimekuja."

"Basi omba. Nimengoja miaka nikusikie."

"Nipe Jumamosi yako, Mama Evelyn."

Hilda akaendelea kukoroga. Hakuna siku nono kama ile. Tena ndizi zake zilikuwa zimefikia. Zikingojeshwa zaidi zingegeuka siki.

"Mbege yako ina maji," akasema.

"Haina maji."

"Ina maji. Wateja wangu watasema nimewatupa mtoni." Akaipua sufuria, akaenda nayo hadi bandani, akawamwagia nguruwe uji wote. "Unasimama hapo unatazama nini? Nenda kaoshe kata zako. Watu wangu hawanywei uchafu."

Kesho yake Hilda alifunga kilabu chake, akasimama mlangoni. "Leo nipo kwa Mama Lucky," alimwambia kila aliyefika. "Anayenipenda anifuate. Ina maji kidogo, lakini mtavumilia." Sauti hiyo watu wa Mkuu wanaisikia hadi leo masikioni, ingawa mwenyewe amezikwa kihambani kwake, shamba la nyumbani, chini ya migomba. Jioni ile mapipa ya Magdalena yalibaki na machicha tu.

Hilda aliuza Jumatatu, siku ambayo mwenye zamu alimwachia. Mtu wa kwanza alionja, akakunja uso, akaweka kata chini polepole kama anayeweka yai. Wa pili alikumbuka ana ng'ombe wa kukatia majani. Mabenchi yakaanza kuwa meupe.

Magdalena aliingia, akaketi benchi la mbele linaloonekana hadi barabarani, akaomba kata kubwa kuliko zote. Akainywa yote bila kupumua.

"Tamu?" Hilda aliuliza.

"Chachu."

"Sema ukweli."

"Chachu mpaka masikio yanacheza, Mama Evelyn. Niongeze."

Wanaume waliokuwa mlangoni wakacheka. Mmoja, kwa aibu ya kushindwa na mwanamke, akarudi kuketi. Mwenzake naye akaketi. Hilda akamjazia Magdalena kata hadi ikafurika, akamwambia anywe polepole, asije akamfia kilabuni.