Kung'oa Nyumba Kabla ya Mnada

Mume wangu Kiptoo akishaamua jambo, hakai chini. Mwaka ule wa kupiga kura kwa mlolongo, manispaa ilisema ploti yetu ya Munyaka itanadiwa kwa sababu ya ushuru wa miaka mingi. Kiptoo alizunguka nyumba akigongagonga kuta, kisha akaniambia, "Mama Kibet, ploti ni yao. Mbao na mabati ni yangu. Tunang'oa nyumba, tunaipeleka Yamumbi kwa ndugu yangu. Wao wabaki kunadi nyasi."

Nilicheka, halafu nikaona hachezi. Katika nyumba ile nimezalia watoto wote, na huyo shemeji wa Yamumbi ana mdomo. Angenisimanga kwa kila kikombe cha chai.

"Si tuulize kwanza kama wanakubali tulipe kidogo kidogo?"

"Niende kubembeleza karani? Mimi?"

Basi nikaenda mimi. Asubuhi nilipitia kwanza kwa Mahamud, mpangaji wetu mwenye duka katika chumba cha mbele. Kiptoo alikuwa amenikataza kumwambia mpangaji shida zetu, lakini aibu haizuii mnada, nikamwambia yote. Mahamud alisikiliza akipima sukari.

"Hapa wateja wamenizoea, Mama Kibet. Kodi ya mwaka mzima nitawalipa mbele. Jioni nikifunga duka, kuja uchukue."

Pale manispaa niliambiwa ningoje kwenye benchi. Nani angekaa? Nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi, akili yote iko nyumbani, kwa yule mwanamume na nyundo yake. Saa za mchana karani mmoja, Leonida, akaniita. Akasema nikileta kodi hiyo ya Mahamud kesho, ploti inaondolewa kwenye orodha ya mnada, na deni lililobaki tutalipa kila mwezi.

Nilirudi nusu nikitembea, nusu nikikimbia. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nimeshapanga vile nitamchokoza Kiptoo kwamba sikubembeleza mtu.

Nilisikia nyundo kabla sijafika kwenye kona. Alikuwa ameanzia mbele, kwa sababu mbao za mbele ndizo mpya. Chumba cha duka hakikuwa na paa tena, wala ukuta wa barabarani. Mahamud alikuwa kando ya barabara akipakia magunia ya mwisho kwa mkokoteni, na mvua imeanza kudondoka.

"Wamekubali," nikamwambia Kiptoo. "Baba Kibet, wamekubali. Mahamud anatulipia mwaka mzima."

Kiptoo akashuka ngazi polepole, akamwangalia Mahamud. Mahamud akaniangalia mimi.

"Mama, aliniambia nitoe vitu mara tu ulipoondoka. Nimepata chumba mtaa wa West Indies," akasema. "Mwenye chumba alitaka kodi ya mwaka mzima. Nimeshampa."

Nilitaka kumtukana mume wangu mpaka majirani wajae. Kiptoo aliokota ubao kwenye nyasi, akaanza kuupigilia mahali ulipokuwa. Mahamud aliondoka na mkokoteni wake, na Kiptoo bado anapigilia.