Simama

Mwaka 1974 nilifundisha ngoma ya Kisukuma katika shule moja ya Rinkeby, huko Uswidi, kila Jumatano, na watoto wale walikuwa wangu. Kisha akaletwa Milcah, mke wa mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Kenya, eti anisaidie. Haukupita mwezi, wakawa wanamkimbilia mlangoni, mimi nimebaki na ngoma yangu mkononi. Hata Adelina, binti yangu wa miaka minane, alitaka kusukwa nywele kama Milcah. Roho iliniuma, sifichi.

Mwalimu mkuu akatuambia kwamba baada ya onyesho la Mei atabaki mmoja wetu.

Mazoezini Milcah aliwasimamisha watoto kwa filimbi. Siku moja kabla ya onyesho akanijia.

"Mama Adelina, kesho nataka kumaliza na neno la kwetu. Nitaita 'Simama!' wote wagande. Unaonaje?"

Nilijua. Kwa Kiswidi, *simma* ni kuogelea. Mwaka wangu wa kwanza niliita "Simama!" na darasa zima likaanza kupiga mbizi sakafuni. Tangu hapo nasema "Tulia".

"Zuri sana," nikamwambia. "Wazazi watafurahi."

Kesho yake ukumbi ulijaa. Ngoma ikapamba moto, Milcah akaita, na watoto thelathini wakaanza kuogelea. Nikajiuma midomo nisicheke. Milcah aliduwaa kidogo tu, kisha naye akatupa mikono, akaogelea jukwaa zima. Watu wakasimama wakipiga makofi.

Mtoto mmoja tu hakuogelea. Adelina aliganda katikati yao, mikono ubavuni, kama alivyoambiwa. Wenzake wakamsukuma, "Simma! Simma!" Baba mmoja mbele yangu akamnyooshea kidole, akacheka mpaka machozi. Mwanangu akanitafuta kwa macho ukumbini. Nikainama.

Milcah ndiye aliyebaki.

Nyumbani Adelina alizoea kunijibu kwa Kiswidi. Kwenye ngoma tu ndiko alikonijibu kwa Kiswahili. Jioni ile, tukirudi, alianza kwa Kiswahili.

"Mama, si alisema simama?"

"Alisema simama."

"Mbona walinicheka?"

Nikamwambia atembee haraka, kuna baridi.

Akauchomoa mkono wake kwangu. Kisha akasema, kwa Kiswidi, kwamba nisimsemeshe tena kwa lugha ile.