Pete ya Propela

Jumamosi saa nne asubuhi propela ilitoboa sakafu ya gari langu na kuchomoza kando ya paja langu la kulia, vidole vinne tu kutoka kwenye nyama. Nilipima baadaye. Hadi Jumatatu nilikuwa bado nikikaa mahali popote naweka vidole vile vinne pajani.

Propela ni lile bomba refu linalolala chini ya gari, likichukua nguvu za injini kuzipeleka kwenye magurudumu ya nyuma. Yangu ilikuwa ya chuma, pauni ishirini na sita. Taa iliwaka kijani, nikakanyaga mafuta, kiungo cha mbele kikavunjika, na chuma kile, huku kikizunguka, kikaanza kupiga sakafu kutoka chini. Watu wa uwanja wa mbio walipofika walinikuta nimeng'ang'ania usukani, naangalia kipande cha bomba kilichosimama ndani ya gari kama abiria. Wakaniuliza jina langu. Nikawatajia la mama yangu.

Si kwamba magari yetu hayana kinga. Chini ya kila gari la mbio hizi kuna pete: bapa nene la chuma linaloizunguka propela, limefungwa kwa bolti kwenye chesisi. Kazi yake ni moja, propela ikikatika mbele, iidake isipande juu. Sheria inalazimisha. Asubuhi ileile mkaguzi alilala chini na tochi yake, akaona bapa jeusi limeizunguka propela nyeusi, akagonga boneti akaniambia haya, nenda.

Pete ilipofunguliwa ilikuwa vipande viwili. Ilikuwa na matundu kumi na manne yaliyopangwa mstari mmoja, na ilikuwa imechanika kwenye mstari huo, tundu hadi tundu, kama mtu anavyochana stempu.

Hapo ndipo nilipoacha kuogopa nikaanza kukasirika, maana aliyeifunga pete ile ni mdogo wangu, Verl. Miaka thelathini na mmoja mimi naendesha, yeye analala chini ya gari. Mke wake alifariki, mimi sikuolewa, kwa hiyo ukiondoa gari lile na sisi wawili, hakuna ukoo mwingine wa Kessner hapa Indiana wa kutajwa.

Sisi watu wa mbio za robo maili tuna ugonjwa wetu: hatuwezi kuona chuma kizima tukakiacha. Kila tundu ni uzito umeondoka, na kila uzito ukiondoka ni sehemu ya sekunde. Mwaka jana tuliishia sekunde kumi nukta sifuri nne. Nilitaka tisa. Nilitaka tisa hadi nikawa naiota. Basi majira ya baridi yote tulitoboa: mabano ya kiti, mikono ya pedali, bawaba za milango. Lakini pete ya propela? Huyo ni mtu anayetoboa mtumbwi ili uelee vizuri.

Jumapili sikumsemesha. Jumatatu ilibidi tupande pikapu moja, kwa sababu trela ni lake na gari ni langu, tukaenda kwa Lowell Prager, mzee anayetengeneza propela nyuma ya ghala la mahindi. Mwendo wa dakika arobaini.

"Unataka kahawa?" Verl akauliza tulipopita kituo cha mafuta.

"Nataka sakafu," nikamwambia.

Akaongeza mwendo.

Lowell alikuwa ameshapata habari. Kwetu habari ya ajali hufika kabla ya gari la kuvuta. Alitoka akifuta mikono, akachungulia dirishani mwa gari langu juu ya trela, akaliona lile tundu la sakafu lenye kingo zilizopinda juu, na kwa muda alisahau kunitania.

"Arlene," alisema hatimaye. "Nasikia ulipata abiria."

"Hakulipa nauli."

"Na mguu?"

"Upo. Yote miwili ipo, Lowell, nimeihesabu."

Tukaingia ndani. Akalaza mabomba matatu mezani, moja moja, polepole, jinsi wauza vitambaa wanavyokunjua majora. La kwanza la chuma, kama lile lililotaka kuniua. La pili la alumini, nene kidogo, pauni kumi na saba. La tatu jeusi, la nyuzi za kaboni, na aliponipa nilikaribia kulirusha juu, maana mikono ilikuwa imejiandaa kwa mzigo ambao haukuwepo.

"Pauni kumi na mbili," alisema. "Nakwambia ukweli, usije ukasema Lowell alinidanganya. Kwa mbio yenyewe, wepesi huu utakupa kitu kidogo sana. Injini haitahangaika kulizungusha, sawa, lakini bomba lenyewe ni jembamba. Hiyo sekunde tisa yako hailali humu."

"Sasa kwa nini ninunue?"

"Kwa sababu ya hiki." Akavuta kutoka chini ya meza kipande cha kaboni kilichovunjika. Ncha yake ilikuwa imefumuka, nyuzi zimesambaa pande zote, ufagio mtupu. "Chuma kikivunjika kinabaki chuma. Kinapiga. Hii ikivunjika inachambuka. Itakuchafulia gari, lakini haitakupanda pajani."

Nikautazama ule ufumuko kwa muda mrefu. Nilitamani kuukumbatia.

"Muulize fundi mkuu," nikasema bila kumgeukia Verl. "Labda atataka kulitoboa kwanza."

Verl alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi.

Lowell ana desturi yake, na kila mtu katika kaunti hii anaijua: hakuuzii propela nyepesi mpaka aione pete yako. Anasema watu wananunua wepesi kwa furaha wakasahau kinachowalinda. "Mmeileta?" akauliza.

Verl akaenda kwenye pikapu akarudi na kitu kilichofungwa kwenye taulo. Akakiweka mezani, akafunua. Vile vipande viwili, rangi imebanduka, matundu yamechanika katikati.

"Haya, mwambie," nikasema. "Mwambie Lowell ulifanya nini."

"Arlene..."

"Hapana, mwambie. Kuna chuma kimoja tu kwenye gari lile ambacho kipo ili nisife. Kimoja, Verl. Na wewe ukaona hicho nacho kina uzito mwingi. Kilikuwa na uzito gani? Pauni moja? Ulinipima na mimi ukaona pauni moja ina thamani zaidi?"

"Ni kosa langu," Verl akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliifunga mimi. Sina la kusema."

"Basi usiseme. Tafuta mtu mwingine wa kumkalisha juu ya mitego yako. Leo ndiyo mwisho. Nikitoka hapa, gari nalichukua na trela utabaki nalo."

Nilikuwa nasema kweli. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa tayari kuitupa pale kwenye sakafu ya Lowell, na nilikuwa nimeshaanza kuwaza nani atanisaidia kulisukuma gari hadi nyumbani.

Lowell alichukua kipande kimoja akakipeleka dirishani, akapitisha kidole gumba juu ya matundu yaliyobaki mazima, akakigeuza, akapitisha tena upande wa pili. Akaacha.

"Kazi safi," alisema, kama anayejisemea. "Kingo zimelainishwa. Juu na chini."

Akamtazama Verl. Verl akaangalia kofia yake.

Nikakinyakua kile kipande nikagusa mwenyewe. Kila tundu lilikuwa na mdomo laini pande zote mbili, hakuna hata sehemu moja ya kukwaruza ngozi. Sasa, Verl ni fundi, lakini tangu azaliwe hajawahi kulainisha ukingo wa tundu. Akitoboa, ametoboa, kesho yake mimi nina plasta kwenye vidole. Anayelainisha kingo ni mtu aliyefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha vipuri vya breki, chini ya msimamizi aliyekuwa akirudisha sanduku zima kwa ajili ya ukingo mmoja. Mtu huyo anatoboa juu, anageuza, analainisha chini, hata asipofikiri.

Ni mimi.

Januari. Mashine ya kutobolea iko gerejini kwangu, si kwake. Alikuwa akiniletea vyuma kwenye ndoo, ananiambia toboa vinavyotoboleka, na mimi nilikuwa nafungulia redio natoboa hadi mchana unakwisha. Siku moja ndoo ilikuwa na bapa lililopindwa, chini kabisa, limechanganyika na mabano. Nilidhani ni la kushikilia bomba la moshi. Sikuuliza. Mtu anayekalia gari kwa miaka thelathini na mmoja hajui pete yake ina sura gani, kwa sababu hajawahi kulala chini. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimepiga kelele kwenye duka la watu.

Ningesema palepale. Nilifungua mdomo. Nikakirudisha kipande mezani.

"Basi," Lowell akasema, kwa upole ambao uliniumiza, "tunachukua lipi?"

"La kaboni," nikasema.

"Na pete?"

"Nzima," Verl akajibu. "Ile nene kuliko zote."

Likabaki suala la kipimo. Propela hupimwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na dereva akiwa amekaa kitini, maana uzito wake unalishusha gari, na difu kule nyuma inasogea. Ukipima gari likining'inia, propela inatoka ndefu, na siku ya kwanza tu inaisukuma giaboksi ikaipasua. Wakalishusha gari kwenye trela, wakalipandisha kwenye rampu, magurudumu yote manne. Lowell akajilaza kwenye ubao wenye magurudumu akaingia upande wa difu. Verl akaingia mbele, penye giaboksi. Halafu wote wakasubiri, na nikaelewa kuwa ni zamu yangu.

Tangu Jumamosi sikuwa nimekaa pale. Nilifungua mlango, nikaweka mguu mmoja, nikautoa. Nikauweka tena. Nilipokaa, paja langu lilijikunja lenyewe kulikimbia tundu, na jasho likanitoka ingawa gari lilikuwa limezimwa na hata propela haikuwemo.

Kupitia tundu niliona saruji, kisha tepu ya kupimia, kisha mkono wa Verl umeishika.

"Umekaa?" akauliza kutoka chini.

"Nimekaa."

"Kaa kama unavyokaa siku ya mbio."

Nikakaa hivyo. Nikashika usukani.

"Verl," nikasema. "Yale matundu nilitoboa mimi."

Tepu ikakoma kusogea.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu uliporudisha ndoo. Niliona pete imetobolewa."

Nilidhani nimeshamaliza kushtuka. Kumbe kulikuwa na nafasi. "Umesimama pale ndani nikakutukana mbele ya Lowell, na ulikuwa unajua?"

"Hukutoboa kwa makusudi. Mimi ndiye niliyeiweka kwenye ndoo, bila kuangalia. Halafu ilivyorudi nikaifunga hivyohivyo." Nilisikia Lowell akisogeza ubao wake mbali kidogo na sisi, jinsi mtu anavyofanya asipotaka kusikia. "Siku ile ulinipigia simu kuniambia tumepunguza pauni arobaini. Ulikuwa unacheka, Arlene. Sikutaka kukuharibia. Nikajiambia naifunga kwa sasa, nitanunua nyingine kabla ya msimu."

"Na?"

"Nikasahau."

Alisema neno lile moja, na nilijua amekuwa akilisema tangu Jumamosi, peke yake, nyumbani kwake, mahali ambapo hakuna wa kumjibu.

"Nilisahau," akarudia. "Ningekuzika, na sababu ingekuwa kwamba nilisahau."

Nikaushusha mkono wa kulia kwenye lile tundu, taratibu, kukwepa kingo zilizochongoka, nikamshika kifundo cha mkono. Ulikuwa wa baridi na una grisi.

"Usisogee," akasema. "Kipimo kinahama."

"Sisogei mimi. Ni wewe unayetetemeka."

"Nyie wawili," Lowell akasema kutoka nyuma, "inchi ngapi?"

Verl akasoma namba. Lowell akasema upande wake unasema nyingine. Wakaanza tena, na namba hazikuafikiana tena, na hakuna aliyeniambia niutoe mkono. Tulipima mara nne.